Mikono Isiyosikia Moto

Jumamosi, 1 Februari
Nimesahihisha insha za kidato cha tatu hadi adhuhuri, kisha arusini Itetemia, hapa Tabora. Nikikohoa, kisogo kinauma, kama kawaida. Jikoni nilinyanyua sufuria ya pilau motoni bila kitambaa. Vigelegele. Wifi Mwajuma, dada wa mume wangu: "Wifi, mikono hiyo umeazima kwa mhunzi?" Tulicheka sote. Nyumbani nimekuta malengelenge vidoleni. Sikuwa nimesikia chochote.

Jumatatu, 3 Februari
Kwa daktari. Nilieleza: kisogo huuma nikikohoa, nikicheka, nikiinama, vidole vina ganzi, nimeungua bila kujua. Akauliza kama nina watoto. Sina. "Mawazo hayo, mwalimu. Usisome sana." Hakunyanyua macho. Hakuugusa mkono. Huenda nazidisha, foleni ilifika nje na yeye yuko peke yake. Hata hivyo nimekasirika.

Alhamisi, 13 Februari
Vidonge alivyonipa daktari havisaidii. Sasa chaki inaniponyoka. Mume wangu anamwamini daktari. Wifi anaamini ni jini. Ameniletea kombe, aya zilizoandikwa na kuoshwa kwa maji. Nimelinywa kwa heshima, bila dhihaka. Linaloniudhi si kombe. Kila mtu ana jibu, na hakuna aliyeuliza swali. Darasani wanafunzi walitaniana, nikashika meza nisicheke. Mtu mzima anayeogopa kucheka. Ni aibu, na si yangu.

Jumapili, 16 Februari
Nimejipima, kwa kuwa hakuna aliyenipima. Nilifumba macho, Wifi akanigusisha glasi mbili mkononi, moja ya chai iliyotoka jikoni, moja ya maji ya mtungi. Sikuweza kuzitofautisha. Akarudia. Utani ukamwisha. "Na mimi nilikupigia vigelegele," akasema, akakaa chini.

Jumatatu, 17 Februari
Tumerudi kwa daktari yuleyule. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kistaarabu. Wifi hakuyangoja. Alisimama mlangoni, khanga kiunoni: "Mwanangu, leo hutoki humu mpaka umshike mkono."
Daktari akaushika. Akachoma kwa sindano, akapitisha pamba, akanigonga magoti kwa kinyundo. Akavuta karatasi, akaandika. Rufaa, Dodoma.

Ijumaa, 7 Machi
Dodoma. Picha zimetoka. Sehemu ya chini ya ubongo wangu imeshuka kupitia tundu la fuvu na kubana njia ya maji yanayouzunguka. Maji yamejikusanya ndani ya uti wa mgongo, ndiyo yanayozima hisia za mikono. Nimezaliwa hivyo. Upasuaji utapanua nafasi. Huenda ukazuia madhara yasiendelee. Hauahidi kurudisha kilichopotea. Nimekubali.
Miaka yote hii, kila nilipolalamika, niliambiwa ni mawazo. Najaribu kutenda haki: pengine daktari wa Tabora hakuwahi kuona mgonjwa wa namna hii. Pengine ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Lakini kushika mkono wa mtu hakuhitaji mashine. Hapo utetezi wangu wote kwake unakwama.

Jumatano, 26 Machi
Nilipasuliwa juzi. Shingo ngumu. Vidole ni vilevile, tusubiri, wanasema. Wifi amelala kwenye mkeka kando ya kitanda, khanga usoni.
Nikirudi Tabora nitampelekea yule daktari kijana picha zangu. Sijui kama nitakwenda kwa hasira au kwa ajili ya mgonjwa atakayenifuata. Nitakwenda.
Mvua imeanza. Muuguzi anafunga madirisha, moja moja, polepole, asimwamshe mtu.