Upande Mkavu wa Godoro

Jumamosi. Mvua imeanza kabla sijaamka, na mpaka jioni hii bado inapiga mabati. Moyo wangu hauna pa kukaa.

Shajara yangu, leo sina habari nzuri. Na nyie mnaopita hapa kuangalia picha za gereji yangu mpya, mnisamehe tu. Zile picha nitazifuta.

Nianze mwanzo, maana nikikurupuka nitalia tena. Mwaka jana Mama alianguka kule Mwanza, nyonga ikavunjika. Anaishi peke yake, na mtoto aliyebakiwa naye ni mimi. Nikamwambia anakuja Kigali, hakuna mjadala. Shida ni kwamba nyumba yangu, kama nyingi za mji huu, imeng'ang'ania mlimani. Kutoka getini hadi mlangoni ni ngazi ishirini na sita, na Mama ngazi hawezi tena. Kilichokuwa chini, usawa wa barabara, ni gereji isiyo na gari. Nikasema hicho ndicho chumba chake.

Fundi alitoka mtaa wa Kimisagara, hapa hapa Kigali, mzee mmoja anaitwa Faustin, mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, jambo lililonikera kuanzia dakika ya kwanza. Alibandika kiganja kwenye ukuta wa nyuma, ule uliochimbiwa ndani ya mlima, akatulia hivyo kama daktari.

"Madamu, hii ukuta iko na maji nyuma. Tutengeneze kwanza mtaro wa huko juu, tuache ikauke mwezi moja."

Mwezi! Mama alikuwa anafika Jumapili ya wiki ile iliyofuata. Nikamjibu, tena kwa sauti, kwamba nimemwita kuziba baridi, sikumwita kunihubiria. Akasema, "Sawa madamu," akachukua futi yake.

Sisi tuliokulia joto la Mwanza tuna ugonjwa mmoja: tukihamia Kigali tunaogopa upepo kuliko nyoka. Ufa ukionekana tunaufukuzia na tambara. Basi nikaziba. Sakafuni nikatandika sponji, juu yake zulia la plastiki lenye sura ya mbao. Ukuta wa nyuma nikaukandika yale maboya meupe yanayofungiwa televisheni, halafu plywood, halafu rangi ya krimu. Geti la chuma la gereji likavikwa mpira pande zote. Na yale matofali ya matundu yaliyo juu ya geti, ambayo Faustin aliniomba mara mbili niyaache, nikayaziba kwa mkono wangu, nimesimama juu ya kiti na saruji kwenye beseni, yeye ananitazama.

Jamani, nilijivuna! Mama alipoingia mara ya kwanza alipapasa ukuta, akasema, "Mwanangu, chumba kina joto." Nikatoka nje kulia kwa furaha.

Wiki ya tatu akaanza kukohoa. Nikasema ni vumbi la rangi. Baadaye nikasema ni hali ya hewa, hajaizoea. Tangawizi, asali, dawa ya maji kutoka famasi, kila kitu nimemnywesha. Kila siku saa mbili asubuhi nashuka na chai, namkuta ameshatandika kitanda, amekaa kwenye kiti na masweta mawili, mlango ameuacha wazi kidogo.

Na mimi kila siku nilimgombeza. "Mama, funga mlango, baridi inaingia!"

Akawa anaufunga.

Leo ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, na mtaa wetu tulipewa kuzibua mtaro ulio nyuma ya nyumba zetu, huko juu. Nikaona kwa macho yangu maji yakiacha njia yake na kuzama ardhini, moja kwa moja nyuma ya gereji. Hata hapo sikuelewa. Jirani aliniomba jembe lingine, na majembe yangu yako kwenye kona ya chumba cha Mama. Nikashuka mbio saa moja na nusu, nikaingia bila kubisha.

Nilimkuta amesimamisha godoro, ameliegemeza kwa bega la upande wake mzima, anapangusa chini yake kwa kitenge. Fimbo yake ilikuwa sakafuni. Tumbo la godoro lote lilikuwa na ukungu mweusi. Alishtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Leo umewahi," akasema.

Mungu wangu. Kila asubuhi, na ile nyonga, peke yake, kabla ya chai yangu, amekuwa akiligeuza godoro ili mimi nikute upande mkavu. Nilifunua kona ya zulia, sponji ikatoa maji kwenye vidole vyangu. Plywood imevimba. Sikuziba baridi isiingie. Niliyafungia maji ndani, pamoja na mama yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mzazi akijengewa na mtoto wake hakosoi, anashukuru.

Nilimbeba mgongoni ngazi zote ishirini na sita, jirani akitushikia mwavuli na mikono yake ya matope. Ni mwepesi, amekwisha kabisa. Katikati ya ngazi alinikoholea shingoni, akapumzika, kisha akasema tena, "Lakini chumba kina joto."

Sasa amelala kitandani kwangu, namsikia kifua kikikoroma. Jumatatu tunaenda hospitali. Sijui watasema nini na naogopa kujua. Ameniambia akipata nafuu anataka kurudi Mwanza, kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwokota akianguka. Namkatazaje, mimi niliyemfanyia haya?

Nilimpigia Faustin nikitegemea anisute. Hakunisuta. Alisema atakuja na nyundo, tuanze na yale matundu. Upole wake umenichoma zaidi.

Nimekaa hapa nawaza. Enzi zile Mama alipotuambia ameshakula, tule sisi. Alipoiuza cherehani yake akasema imemchosha. Ni mangapi ameyageuza, upande mkavu ukae juu, kabla sijaingia na chai?