Presha niliyoibuni

We, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Leo sisi wanafunzi tulikuwa na daktari anayetusimamia mafunzoni, tunatembelea wagonjwa majumbani. Nikampima bibi mmoja presha. Sikusikia mapigo hata kidogo! Badala ya kusema, nikaandika 120/80. Eti nikamwambia, "Bibi, uko kama msichana."

Daktari akaingia, akarudia kupima. 190. MIA NA TISINI! Akanigeukia.

Bibi akadakia, "Mjukuu wangu kapima vizuri. Ni mimi nimeshtuka ulipoingia, daktari."

Kanitetea! Na aliniona nikihangaika na kile kifaa.

Nami nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia!

Basi daktari akasema dawa zake za presha zisiongezwe, tumpime tena wiki ijayo.

Sasa tuko garini, yuko pembeni yangu anaendesha. Bado sijamwambia kuwa ile 120/80 niliibuni.

Bibi alinifungia ndizi za njiani.