Unga Wako Haukuwa na Kosa

Papa,

Shuleni naandika Kifaransa na Kirundi, lakini wewe nakuandikia Kiswahili, maana ndicho tulichoongea karakanani. Kuna neno sikuwahi kukuambia kabla risasi haijakukuta njiani ukitoka bandarini.

Unakumbuka ile kusine, pete ya chuma ya kushika mhimili wa cherehani ya Mama? Mipaka ilifungwa, vipuri haviji, na kila Mama akitia mafuta yalidondokea nguo za watu. Ukasema tutaioka wenyewe: unga wa chuma ugandamizwe, uokwe ndani ya kopo lililojaa makaa, ubaki na vitundu vidogo vya kunywa mafuta na kuyatoa polepole.

"Ikifika rangi ya chungwa, hesabu mia tatu, acha," uliniambia. "Apana kuzidisha. Vitundu vitajifunga."

Ukaniachia moto, ukaenda dukani. Mara Dieudonné wa darasa letu akasimama mlangoni. Papa, unanijua. Niliinamisha kichwa nikavuta mvukuto, nikavuta tu, nisipate kumtazama.

"We, unapika chuma ao unanipika miye?" akacheka.

Hata hesabu sikuanza. Alipoondoka, kopo lilikuwa jeupe kwa moto.

Pete ilitoka imesinyaa, ngumu, inang'aa. Ukaitumbukiza kwenye mafuta ya moto, ukangoja. Hakuna hata povu moja la kuonyesha vitundu. "Unga ndio mbaya," ukasema, ukautupa wote, unga uliouchonga kwa tupa na kuuchekecha majuma mangapi. Mimi sikukiri kwamba nilizidisha moto. Hukujaribu tena. Ulidhani mikono yako ndiyo iliyoshindwa, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Nisamehe.

Lakini ngoja, sijamaliza. Jioni ile niliuzoa ule unga, nikauficha chini ya kitanda changu. Mwezi huu nimeuchekecha upya. Pete ya kwanza niliiogopea moto, nikaitoa mapema. Ikavunjika vidoleni kama biskuti. Ya pili nilingoja rangi ya chungwa, nikahesabu kwa sauti mpaka mia tatu, Mama akidhani nasali. Ilipopoa nikaitia kwenye mafuta ya moto.

Papa, ilitoa mapovu! Madogo madogo, pembeni pote, kama sufuria inayotaka kuchemka. Nikaishika kiganjani, ikatoa jasho la mafuta. Usiku nikaifunga kwenye cherehani.

Jumamosi Mama alishona gauni jeupe la komunyo, refu, la mtoto wa jirani. Hakuna doa. Alilipindua mara mbili akitafuta. Akaniuliza nani ametengeneza cherehani. Nikamwambia: unga ni wa Papa, moto ni wangu. Kisha nikamweleza yote, hata habari ya Dieudonné. Alicheka mpaka akalia.

Pumzika sasa, Papa. Unga uliobaki unatosha pete nne, na mafundi wa cherehani wa mtaa wa Cibitoke wameshaanza kuuliza. Nitazioka zote. Na atakayesimama mlangoni nitamtazama usoni, nimwambie angoje, nahesabu.

Binti yako,
Inès