Dawa ya Wiki Mbili

Jumanne, 9 Septemba 2025

Leo nusura nichome nyumba.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibao, karai la mafuta motoni, mahamri ya kwanza ya kuuza yashatoka. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Kilichonizindua ni mkono wa wifi Zuhura ukinivuta kwa ukosi wa dera — chumba chote moshi, karai linawaka! Akalifunika kwa sinia, akaniburura mpaka uani. Ni dadake mume wangu Amin, anaishi chumba cha pili. Alikuja kuomba chumvi tu. Asingekuja?

Ukuta mweusi mpaka darini. Vidole viwili vimebabuka na sikusikia hata uchungu.

Akaniuliza, mtu hulalaje na moto mbele yake. Nikasema ni uchovu. Akaniangalia machoni. Huyu mwanamke alimzika mwanawe, Jaffar, kwa sababu ya unga, ule wa kulevya, kule Mombasa. Macho kama yangu ameshayaona.

Kusema kweli nilikuwa nimemeza kidonge kimoja alfajiri. Kimoja tu! Mikono ilikuwa inatetemeka, ningesukumaje mahamri?

Alhamisi, 11 Septemba

Amin amevipata vile vidonge. Nilivitia kwenye mkebe wa iliki, nikidhani mwanamume hafungui mkebe wa iliki. Kumbe alitaka kujipikia chai.

"Hivi ni vya nini, Mwanabibi?"

Nikamwambia ni vya usingizi, nimeandikiwa na daktari. Si uongo. Niliandikiwa pale kaka yangu Athman alipogongwa na trela kwenye barabara ya Mombasa. Kila nikifumba macho nilikuwa naona viatu vyake njiani. Daktari wa wakati ule alisema wiki mbili, usingizi ukirudi niache. Usingizi ulirudi. Nilipoacha ukakimbia tena, mbaya zaidi ya kwanza. Basi nikarudia. Huu mwaka wa tatu sasa. Derrick wa chemist ya pale karibu na stendi haulizi tena karatasi ya daktari. Akiniona tu anainama chini ya kaunta.

Amin hakupiga kelele. Alikaa na ule mkebe mapajani mpaka chai ikapoa. Bora angepiga kelele.

Jumatatu, 15 Septemba

Tumekwenda kliniki. Daktari Kilonzo, Mkamba mwembamba, anasema polepole. Aliniuliza nikikosa kidonge huwaje. Nikamwambia moyo unakimbia, jasho, ngozi kama inatambaliwa na sisimizi, na hofu. Hofu ya nini? Ya chochote. Ya kifuniko cha sufuria.

Akasema: "Mama, wewe si mlevi wala si mtu mbaya. Ubongo wako umetulizwa na dawa muda mrefu mpaka umesahau kujituliza wenyewe. Kwa hivyo dawa ikitoka, unapiga mayowe."

Amin akaruka: basi, leo leo anavitupa vyote.

"Usithubutu!" Daktari aliinuka kitini. Akamwambia mtu aliyezoea hizi dawa akikatishwa ghafla anaweza kuona vitu visivyokuwepo, anaweza kushikwa na kifafa, anaweza kufa. Kufa, alisema, si maneno.

Nimebadilishiwa dawa. Hii inakaa mwilini muda mrefu, haishuki kwa kishindo. Nitakunywa kipimo kilekile kwanza, halafu tutapunguza kidogo, tungoje mwili uzoee, tupunguze tena. Huenda ikachukua mwaka. Na kila wiki nitaonana na Bi Loice, mshauri wa pale, nizungumze naye. Niseme nini mimi?

Vidonge atakaa navyo Amin. Atanipa mkononi. Mke mzima, nafumbua kinywa kama mtoto wa chanjo.

Jumamosi, 27 Septemba

Wamepunguza kipimo. Treni imepiga honi nikaangusha bakuli la mbaazi. Nimelia kwa ajili ya mbaazi!

Jumatano, 1 Oktoba

Jua linaniuma mpaka kwenye meno. Upepo umeleta vumbi jekundu kila pahali, kwenye shuka, kwenye ulimi. Nimefagia mara tatu. Wifi anasema hakuna vumbi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo kwa Bi Loice nimesema habari za Athman. Sikupanga. Aliniuliza tu kaka yangu alikuwa anapenda chakula gani. Nikasema mkate wa sinia, akila anaficha kipande mfukoni kama mtoto, na umri wote ule! Nikacheka, halafu nikalia mpaka shela ikalowa. Miaka yote hii sikumlilia hata siku moja. Nilikuwa nimelala.

Bi Loice akasema ule msiba haukwenda popote, ulikuwa umefunikwa tu.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimesikia harufu ya iliki! Nilipoitwanga ikapanda puani sawasawa, kama zamani. Sikuwa najua kwamba ilipotea. Amin amekula mahamri sita. Nimelala, si sana, lakini usingizi wangu mwenyewe.

Alhamisi, 30 Oktoba

Tumepunguza tena. Sasa ni nusu asubuhi, nusu jioni. Kifua kinabana, lakini nastahimili.

Nimepita stendi kununua unga wa ngano. Derrick akaniita kutoka mlangoni. "Mama Mahamri! Umenitoroka?" Nikamwambia niko chini ya daktari sasa. Akacheka vizuri tu, hana ubaya. Akasema madaktari hawajui usingizi wa mtu, na mimi nikikwama nina namba yake.

Nilipofika nyumbani nikataka kuifuta ile namba. Amin akaniita tule.

Jumatano, 5 Novemba

Amefariki ami yake Amin kule Taveta. Amin amekwenda kuzika, atakaa mpaka hitima. Mimi sikuweza, mwili hauna nguvu ya safari.

Pakiti ya dawa amemwachia wifi Zuhura. Nilisimama pale akimweleza: nusu asubuhi, nusu jioni, usizidishe, usipunguze. Wifi aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya aliyekufa ndani ya maji.

"Nimesikia," akasema. Hakusema nimeelewa.

Alhamisi, 6 Novemba

Asubuhi alinipa. Jioni baada ya Magharibi akaja na glasi ya maji ameyasomea dua. Mkono wa pili mtupu.

Nikamuuliza, kidonge kiko wapi wifi? Akasema nimeze maji.

"Kiko wapi?"

"Nimevimwaga chooni. Vyote."

Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Nikamwambia daktari alivyosema, kifafa, kifo. Akasema Jaffar naye alikuwa na maneno hayohayo — mama nipe kidogo tu, nikikosa nitakufa. Akampa. Akampa tena. Akamkuta amekufa na mkono umenyooka, kama anaomba.

"Nilimhurumia akanifia. Wewe sitakuhurumia, wifi. Siku tatu za taabu, halafu utanishukuru."

Alikuwa analia. Hii si kitu kimoja na unga! Lakini mimi mwenyewe nilivyokuwa nimesimama pale, nimemshika kanga, namwomba — ningekuwa yeye ningeona tofauti gani?

Ijumaa, 7 Novemba

Sikulala hata kidogo. Mwandiko wangu mbaya, mkono unaruka.

Simu ya Amin imezimwa, nimemtumia meseji. Nimepiga kliniki. Daktari Kilonzo yuko Mombasa mpaka kesho. Muuguzi akasikia, akasema nisingoje, niende hospitali sasa hivi, sehemu ya dharura, niwaambie nilikuwa natumia nini na nimekatishwa.

Nikavaa buibui. Lango lina kufuli.

Wifi amekaa mlangoni kwa kibao changu mwenyewe, msahafu mapajani. Nikamwekea simu spika asikie muuguzi kwa masikio yake. Akasikiliza. Akasema hao ndio waliomwanzisha Jaffar, kwa dawa ya mgongo, hospitalini humohumo. Akakata simu.

Ningeweza kupiga mayowe. Majirani wangekuja, wangevunja. Na mtaa mzima wa Kaloleni ungejua kabla ya adhana kwamba Mama Mahamri ni teja. Nani atanunua tena kwangu? Nimerudi chumbani.

Sasa ukuta unapumua. Nikiuangalia moja kwa moja unatulia. Nikigeuka, unapumua. Na kuna mtu anatembea juu ya mabati, taratibu, anakwenda anarudi. Nimemuuliza wifi kwa mlangoni. Anasema hakuna mtu, ni shetani anaaga. Anasoma kwa sauti zaidi.

Mguu wa kushoto umerukaruka peke yake. Umeacha. Umeanza tena.

Baadaye.

Nimempigia Derrick.

Nimeandika nione ilivyo. Nilimpigia Derrick kwa sababu sitaki kufa. Ni sababu nzuri. Hata daktari angekubali, alisema nisikatishwe. Kipimo changu ni nusu. Nitakunywa nusu. Hiyo si kurudia, ni matibabu.

Alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kwa dirisha la nyuma linalotazama uchochoro. Akapenyeza mkono kati ya nondo. Kadi nzima ya vidonge, vile vya zamani, vidogo vyeupe. Nikamwambia nataka nusu tu. Akasema hauzi nusu. Nikasema sina pesa mkononi. "Wewe ni wangu, Mama Mahamri. Chukua tu." Akaenda zake anapiga mluzi.

Nimekata kimoja kwa kisu cha limau. Nimemeza nusu.

Nimengoja. Mtu wa juu ya bati bado anatembea.

Ile nusu nyingine ilikuwa imevunjika kingo, ingepotea bure. Nimeimeza pia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimelala kama jiwe. Mguu umetulia. Ukuta ni ukuta.

Wifi alifungua mlango asubuhi, akanikuta nimekaa kitandani nachana nywele. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga. Mikono yangu haitetemeki, akainyanyua aone. Akaanguka kusujudu pale pale sakafuni!

"Umeona? Umeona wifi? Shetani ametoka!"

Kadi iko ndani ya sidiria. Ninaihisi inanikwaruza nikivuta pumzi. Nilikuwa nimwambie. Wallahi nilikuwa nimefungua mdomo. Alikuwa analia kwa furaha, anasema laiti angemfungia Jaffar hivi. Ningemwambiaje?

Nikasema alhamdulillahi.

Amekwenda kufungua kufuli. Ametangaza atachinja kuku. Namsikia jikoni anaimba, sijapata kumsikia akiimba tangu msiba wa Jaffar.

Nimetoa kimoja kingine, cha asubuhi. Nilitaka kukikata. Kisu kiko jikoni na yeye yuko jikoni. Nimekimeza kizima.

Baada ya Adhuhuri.

Amin amepiga! Simu yake ilikufa moto, kule hakukuwa na stima. Amekuta meseji zangu za jana zote pamoja, sauti yake ilikuwa haitoki vizuri. Ameshamwacha mwenye msiba, yuko njiani, ashapita Bura. Na amezungumza na Daktari Kilonzo, naye amerudi. Wamesikizana apitie kliniki achukue dawa, anifikishie, kisha twende wote nikapimwe.

Akaniuliza nikoje. Nikasema niko hai.

"Zuhura nitasema naye mimi. Usimlaumu mbele yangu wala nyuma yangu. Wewe niambie jambo moja tu, daktari anataka kujua ajue atoe kipimo gani. Toka juzi asubuhi umepata kitu chochote? Hata robo?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na manyoya ya kuku mikononi, anatabasamu, anangoja asikie nikimpa nduguye habari njema.

Angeniuliza akiwa peke yake ningesema. Nadhani ningesema.

"Sijapata kitu, Amin."

Nikasikia gari, upepo kwenye dirisha lake.

"Hata robo?"

"Sina hata kimoja, mume wangu. Njoo nazo."

Ulimi ulikuwa mzito kidogo kwenye lile neno la mwisho. Sijui kama amesikia. Akasema haya, vumilia, yuaja. Lakini hakukata. Na mimi sikukata, mpaka salio lake lilipokwisha.

Wifi amerudi kwa kuku wake. Harufu ya mchuzi inaingia mpaka huku, nadhani ametia iliki, sina hakika.

Lango linagongwa.