Kituo Ambacho Sikukiweka Kwenye GPS

Jumatatu, saa nane mchana. Mvua imeanza asubuhi na haina dalili ya kuacha. Siku nyingine kutoka hapa Kiriri, mtaa wa mlimani, naliona ziwa lote. Leo naona ukungu tu, na nashukuru, kwa sababu sitaki kuona mbali wala kuonwa. Ofisini nimeaga kwamba naumwa kichwa.

Siumwi kichwa. Nina aibu.

Naiandika mapema kabla sijaanza kujipamba. Najijua: nikipewa aya mbili za nafasi, nitajigeuza mwenye haki.

Mwaka jana mume wangu aliniletea GPS ya gari, ile ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Wenzangu kazini wanacheka, wanasema simu inatosha. Mimi nilikipenda kifaa kile tangu siku ya kwanza. Ndani yake kuna mwanamke anayesema Kifaransa safi, hapandishi sauti, na ukikosea njia hakugombezi, anakutafutia nyingine tu. Namwita Madame. Tena siku hizi mafuta yanasakwa mji mzima, hakuna anayewasha gari kwa matembezi. Basi kila Jumamosi nakaa na Madame mezani na kupanga safari za wiki nzima: kazini, sokoni, kanisani, kwa daktari wa meno. Naweka vituo kwa mpangilio ili nisirudie njia moja mara mbili. Saa ya kufika naiandika kwenye daftari, na siku ikifika nikaingia dakika ileile, navimba kichwa kama mtu aliyeshinda mtihani. Nyumbani wananisifu kwa hilo. Nimezoea kusifiwa.

Jumamosi hii nilipanga safari ya kwenda Gasenyi kwa mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wa marehemu mama yangu. Tulivuka mpaka wa nchi kutoka Uvira mimi nikiwa na miaka minne, na njia nzima alinibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea. Alinilea Cibitoke, mtaa wa chini, kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Aliuza ndagala, dagaa wa ziwani. Madaftari yangu ya shule yalinuka ndagala, na nilipolia kwa sababu wenzangu walinicheka, alianza kuyafunga kwa kitambaa na kuyaweka juu ya kabati, mbali na vikapu. Baadaye alihamia Gasenyi, pembeni kabisa ya mji, akajenga vyumba viwili. Tangu niolewe sijawahi kukanyaga kwake. Mwaka na miezi minne. Nampigia simu, namtumia hiki na kile, nasema kazi nyingi.

Pengine ningeendelea kusema kazi nyingi kama si wifi yangu Klarisa, dada ya mume wangu, aliyekuja likizo kutoka Ubelgiji. Hakuwepo kwenye arusi yetu. Wiki iliyopita aliomba jambo moja tu: kumwona mama aliyenilea. Klarisa ni mtu mzuri, niliandike hilo wazi. Hajawahi kunitazama kutoka juu. Ubaya wote kwenye habari hii ni wangu.

Jumamosi Madame alinipa njia mbili. Ya kwanza ilishuka chini na kupita kando ya Cibitoke. Ya pili ilizunguka kwa juu, ndefu zaidi kidogo. Mimi ninayebana kila kilomita, mimi ninayemgombeza mume wangu akizunguka bure, nilichagua ndefu. Niliogopa Klarisa aone ile karakana na kuniuliza nililala upande gani.

Kisha nikampigia mama mdogo simu kumwambia tutafika saa tano na dakika thelathini na sita.

"Na dakika!" akacheka. "Sawa. Mi ntakuya kuwangojea ku barabara, pale ku mashini ya unga. Muniingize mu gari, niwaonyeshe njia."

"Apana mama, usijisumbue. Niko na GPS, inajua njia."

"Inajua kwangu? Nani aliionyesha?"

Nikamweleza kwamba jirani yake mwenye simu ya tachi, Mama Shukuru, alinitumia alama ya mahali.

"Haya, Riziki. Lakini mi ntafika pale tu."

Nilitaka kumkataza tena. Badala yake nikajifanya simu imekatika.

Kwetu mgeni hasubiriwi mlangoni. Anaendewa barabarani, na akiondoka anasindikizwa mpaka barabarani. Najua hilo tangu nina akili, hakuna haja ya kunifundisha. Lakini nilikuwa nimeshapanga: tutafika kimya kimya, tutaegesha mbele ya geti, tutakula, tutaondoka. Sikutaka maandamano.

Jana baada ya misa tukatoka. Klarisa mbele pembeni yangu, kasha la fanta kiti cha nyuma. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, barabara zilikuwa na tope pembeni, lakini lami ilikuwa safi na Madame alikuwa anatuongoza vizuri. Klarisa akamsifu. Mimi nikajibu kana kwamba nimesifiwa mimi.

Tulipokaribia Gasenyi Madame akasema tuendelee moja kwa moja, tukate kulia baada ya mita mia sita. Kabla ya hapo, upande huohuo wa kulia, kulikuwa na njia nyingine ya udongo, na kwenye kona yake mashine ya unga.

Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya mashine ya unga.

Alivaa kitenge cha arusi yangu, kile cha rangi ya machungwa tulichoshonesha upande wetu wote. Kandambili zilikuwa zimejaa tope mpaka kwenye kisigino. Mkono mmoja alishika viatu vyake vyeusi vya kanisani, mkono mwingine alikuwa anapunga leso, na karibu naye walikaa wanawake wawili wauza nyanya wakitazama barabara pamoja naye.

"Yule mama anatupungia sisi?" Klarisa akauliza. "Na kile kitenge, si kama cha arusi yenu?"

Picha za arusi nilimwonyesha mwenyewe. Nilizichagua mwenyewe pia. Mama mdogo yumo kwenye mbili, zote kwa mbali.

Mguu wangu uligusa breki. Naapa uligusa. Gari ikapunguza mwendo, na mama mdogo alipoona hivyo akaacha kupunga, akaweka viatu chini, akainama kuvivaa.

"Apana," nikamwambia Klarisa. "Huku watu wanapungia gari yoyote."

Nikakanyaga mafuta.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta mara mbili. Ibaki.

Tukafika saa tano na dakika thelathini na saba. Nilichelewa dakika moja, ile ya breki. Mlangoni tukapokewa na Mama Shukuru, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akiangalia ndani ya gari kama mtu anayehesabu vichwa.

"Na mama iko wapi?"

Nikasema hatujui, labda ametoka.

"Ametoka kuwapokea! Iko ku barabara tangu misa ya kwanza iishe. Ametuambia wote, leo atarudi mu gari ya mutoto wake, mbele, akionyesha njia na mukono. Amebeba biatu yake mu mukono, asikuye kuchafula gari yako."

Ndipo nikaelewa. Sikuwa nimeelewa kabisa, na hilo ndilo linalonifanya nijione mpumbavu juu ya kuwa mbaya. Nilidhani anataka kutuonyesha njia kwa sababu anaona tutapotea. Madame angeweza kufanya kazi hiyo, ndiyo. Lakini mama mdogo hakuwa anatafuta kazi ya Madame. Alitaka mita mia tatu tu kwenye kiti cha mbele, mbele ya majirani waliomwona miaka yote akishuka na kikapu kichwani. Alitaka waone kwamba yule mtoto wa mgongoni amefika, na kwamba amemfuata yeye.

Mama Shukuru akasema nimpigie simu. Nikapiga, simu ikalia humohumo ndani, juu ya meza. Ningeweza kuwasha gari nikamfuate. Nilikaa. Nilisema njia ina tope, tutapishana. Klarisa alikuwa anatazama mikono yake.

Mama mdogo aliingia baada ya robo saa, kwa miguu. Alisimama kwanza kwenye ndoo ya pale uani akanawa matope. Viatu vyeusi alikuwa navyo bado mkononi, safi, vinang'aa. Klarisa aliinuka upesi kwenye kiti alichokuwa amepewa, akamwachia.

"Munisamehe, batoto yangu," mama mdogo akasema. "Mi nilisimama pahali pabaya. Kumbe ile mashini yenu inapitia uku juu. Sikujua."

Aliniomba msamaha mimi.

Tukala. Alikuwa amepika ugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala mbichi, zile anazojua nazipenda. Alimuuliza Klarisa habari za baridi ya Ulaya. Alimcheka Madame, akasema huyo mama wa mu gari anajua Gasenyi kuliko yeye. Klarisa akacheka naye, lakini kila mama mdogo alipoinamia sahani, aliniangalia mimi. Nilitamani hata anitukane.

Wakati wa kuondoka, mama mdogo alitusindikiza. Majirani walikuwa nje. Hapo ningeweza kufungua mlango wa mbele na kusema, panda mama, twende wote mpaka barabarani. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini niliona ningekuwa namrushia kitu kilichobaki mezani, na majirani wangejua ni kwa nini. Basi nikapiga honi, tukaondoka. Kwenye kioo nilimwona anatembea nyuma ya gari na leso yake, mpaka njia ilipopinda.

Njiani Klarisa alimzima Madame sauti. Tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Ni yule mama," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulimjua."

Nikaanza kusema habari za mafuta. Kwamba pale pana mwinuko, kwamba ukisimama na kuondoka gari inakula zaidi. Nilisikia sauti yangu ikisema hayo, na nilijichukia huku nikiendelea. Tulipofika Klarisa alichukua mkoba wake, akasema asante kwa safari, akaingia kwa kaka yake. Kufikia sasa hajamwambia chochote. Sijui kama ni huruma au ananiachia niseme mwenyewe.

Leo mchana nimepata akili, au nilidhani nimepata akili. Nimempigia mama mdogo. Nilikuwa nimejipangia maneno kama ninavyopanga safari: nitamwambia GPS imeharibika, Jumapili ijayo nakuja peke yangu, sijui njia, aje anipokee barabarani. Nilijiona mtu mwema nikiwa bado sijabonyeza namba.

"Mama, ile GPS imeharibika," nikasema. "Siku ya Mungu nakuya miye peke. Unipokee pale ku mashini ya unga, nisipotee."

Nilisikia mvua ya Gasenyi juu ya bati lake, na mvua ya Kiriri juu ya vigae vyangu.

"Mashini haiharibike, Riziki," akasema. "Jana uliniona. Gari ikapunguza, nikasema sasa nivae biatu. Kisha ukaenda."

Akaendelea kabla sijatafuta uongo mwingine.

"Mi nilisema nilisimama pahali pabaya juu wifi yako asikuzarau. Ule ni mugeni, na we uko mutoto yangu. Lakini mi nilisimama pahali pazuri."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, hakunibembeleza, na namshukuru.

"Usiniongopee na mashini," akasema mwishoni. "We kuya tu, siku ya Mungu. Mi ntasimama palepale."

Akakata simu. Safari hii haikukatika, aliikata.

Sasa nimeweka GPS mezani. Haijaharibika, inawaka vizuri tu. Nimepanga safari ya Jumapili. Nimechukua njia ya chini, ile inayopita Cibitoke, kando ya karakana. Mwisho wa safari sikuweka nyumba ya mama mdogo. Nimeweka mashine ya unga, na kutoka pale sikumwekea Madame njia yoyote. Usiku wa leo nitamwambia mume wangu yote, kabla Klarisa hajalazimika kuamua.

Madame anasema nitatumia dakika ishirini na tisa. Nimeshaiandika kwenye daftari saa ya kufika. Kinachonisumbua hakiko kwenye ramani: nikisimamisha gari, na yeye akainama kuvaa viatu vyake mbele ya wale wanawake wa nyanya, nitashusha kioo niseme nini?