Vitambaa Vitano Vimebaki Ndani

Alhamisi, jioni. Mvua imepiga hapa Igogo tangu saa tisa na ziwa lote limefunikwa na ukungu. Nimeoga, nimekunywa chai, bado miguu naiona kama si yangu. Leo nimesimama thieta saa sita mfululizo na, kusema kweli, hakuna nilichosaidia.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, yule asiyegusa kisu. Nafungua vifaa, napokea vitambaa vilivyolowa, navipima kwenye mzani ili tujue damu imetoka kiasi gani, naandika ubaoni. Kwenye upasuaji mkubwa wa ini naongezewa kazi moja: kuangalia saa.

Mgonjwa wa leo nitamwita Mama Neema. Ni mkulima wa mpunga kutoka Magu, ana miaka arobaini na moja, na uvimbe umeshika upande wa kulia wa ini lake. Usipotolewa, hana muda mrefu. Asubuhi, kabla hajapewa usingizi, aliniuliza kazi yangu humo ndani ni ipi. Nikamwambia naangalia saa. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Yaani mtu mzima umesomeshwa uje uangalie saa!" Nilimpenda pale pale, na kwa kazi hii hilo ni kosa.

Niwaeleze kidogo. Ini limejaa damu. Ukilikata hivi hivi, mgonjwa anakuishia mezani. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi anambania maji ya dripu ili mishipa isijae sana, na daktari anazungusha kamba ya mpira kwenye mishipa inayoingiza damu kwenye ini, anaikaza. Damu inapungua, anakata taratibu, anafunga mshipa mmoja mmoja. Lakini ini nalo haliwezi kukaa bila damu. Kamba inakazwa dakika kumi na tano, inalegezwa dakika tano, kisha inakazwa tena. Mimi ndiye ninayesema muda umefika.

Mara ya kwanza nilisema, akalegeza, damu ikaja, tukasubiri. Mara ya pili hivyo hivyo.

Mara ya tatu nilinyamaza.

Dakika ya kumi na tano ilifika na niliiona. Daktari alikuwa amepapata pakavu, anaona vizuri, anahangaika na mshipa mmoja uliokuwa unamsumbua. Nilijua nikifungua mdomo, pale patajaa damu tena. Nikaikodolea macho saa dakika nzima. Akauliza mwenyewe, "Muda?" Nikajibu kumi na tano. Ilikuwa kumi na sita. Hakuna aliyejua mpaka naandika hapa.

Dakika moja haiui ini, najua. Kilichofuata hakikutokana nayo. Daktari alikuwa analinyanyua ini, mshipa mkubwa wa nyuma ukachanika. Akaagiza kamba ikazwe, ikakazwa, damu ikaendelea kuja tu. Kamba inazuia damu inayoingia. Hii ilikuwa inarudi kwa nyuma, kutoka upande wa moyo, na huko hatukuwa na kamba ya kufunga. Mtaalamu wa usingizi alikuwa anaminya chupa za damu kwa mikono miwili. Mimi napima vitambaa, naandika. Lita moja. Mbili. Mbili na nusu. Namba zilipanda ubaoni kwa mwandiko wangu na nilizichukia kana kwamba nimezitunga mimi. Wala hakuna aliyeniuliza tena saa ngapi.

Uvimbe haukutoka. Daktari alishindilia vitambaa vitano vikubwa kuzunguka ini ili vilibane, tukasubiri, damu ikapungua. Akafunga tumbo kwa muda, na Mama Neema akapelekwa ICU na mashine ya kumsaidia kupumua. Jumamosi, akiwa na nguvu ya kutosha, atafunguliwa tena ili vitambaa vitolewe.

Nina miaka kumi na miwili kwenye kazi hii na sijawahi kusaini fomu ya hesabu yenye upungufu. Kitambaa kimoja kikikosekana tunasimamisha kila kitu, tunapekua mpaka ndoo za taka. Leo nimeandika kwa mkono wangu kwamba vitano vimebaki ndani. Nikasaini.

Nilipotoka nikamkuta mumewe mlangoni, na mashemeji zake wanne waliokuja kutoka Kisesa, kila mmoja amebana pamba kwenye kiwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, sista. Damu tumeongeza, hawa wote wameshatoa. Mwambie daktari asiogope, akate tu."

Alisema kwa fahari, maskini. Alidhani tunakwama kwa kukosa damu, na damu tulikuwa nayo. Kumweleza yaliyotokea ni kazi ya daktari, na daktari alikuwa bado anavua gauni. Nikawaambia asanteni sana, mmefanya jambo kubwa, nikapita. Wale wanne waliitikia kwa pamoja, wamefurahi, na mimi nikaenda kulia chooni.

Bosi wangu amepiga simu jioni hii. Aliniona nilivyotoka. Anasema Jumamosi anaweza kumweka mwenzangu kwenye rosta, nipumzike. Nilitaka sana kukubali. Nikamwambia hapana, vile vitambaa nimevisaini mimi, nitavihesabu mimi.

Vitatoka tu, kwa vyovyote vile. Ninachoomba ni kwamba avitoe daktari, pale mezani kwetu, wasije kuvitoa watu wa mochwari.