Askofu Alipofika kwa Miguu

Liuli, Jumapili

Dada Tekla, shikamoo. Natumaini wanangu hawakusumbui huko Mbinga.

Jana tulimpokea askofu mpya, na mpaka sasa sijatulia. Mvua imekata barabara, kwa hiyo mume wangu na wazee wawili wa kanisa walikwenda Mbamba Bay kumchukua kwa boti ya injini. Tuliwategemea saa nne. Saa sita upepo ukalichafua ziwa, na boti haijaonekana. Kwaya iliimba mpaka ikachoka. Mbasa wa kukaanga, samaki tuliomwandalia mgeni, wakapoa. Mimi nilikuwa naenda ufukweni na kurudi, kitenge kipya tulichochagua mimi na wewe dukani kimelowa mpaka magotini. Mama mchungaji akaniambia, "Keti, mwanangu." Sikuweza.

Saa tisa nikasikia vigelegele upande wa njia ya miguu. Kumbe injini ilizimika, wakapiga makasia hadi kijiji cha jirani, kisha wakatembea. Askofu alitangulia, kanzu ameipandisha, viatu mkononi. Watu wakapiga magoti. Mimi, dada, nilimpita kama sikumwona, nikamshika mume wangu mkono nikalia mbele ya wote.

Mzee mmoja akaanza kunikemea. Askofu akamwambia, "Mwache, mzee. Naye ana mgeni wake."

Kesho shemeji yako anataka turudi nyumbani kwa boti ileile, ati injini imeshatengenezwa. Nimemwambia apande peke yake, mimi nitatembea. Akasema basi tutatembea wote. Waambie watoto baba yao mzima, nawe Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Rehema